Karatasi Tatu na Soksi Moja

"Inatangazwa kwa Akina Dada wote Waseja wa Gnadenholm kwamba, kuanzia Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, mwaka wa Bwana 1804, utepe wa rangi ya waridi unaofungia kofia chini ya kidevu usizidi upana wa vidole viwili. Tepe zilizozidi zikunjwe, zisikatwe, kwa kuwa kukata ni kupoteza. Imeamuliwa na Baraza la Wazee."

Dada Wilhelmine Kroll, mlezi wa Nyumba ya Akina Dada, alilisoma tangazo hilo mara mbili baada ya Neno la Siku, kwa sauti ile ile aliyolisomea Neno la Siku, kisha akauliza kama kuna mwenye swali. Kwa desturi hakukuwa na mwenye swali. Benigna Asmussen aliinua mkono.

"Vidole vya nani, dada?"

"Vya mtu yeyote, Benigna."

"Vyangu vyembamba, dada. Vya Dada Ulrike, nisamehe Ulrike, vimeshiba. Kila mtu akipima kwa vyake, tutakuwa na tepe za kila namna, na wote tutakuwa tumetii."

"Keti."

"Nimeketi, dada."

"Basi keti zaidi. Swali lako litapelekwa Barazani."

Benigna alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, mwandiko mzuri kuliko wote mjini, na kasoro moja tu ambayo walezi wake waliiandika kila mwaka katika taarifa zake: hupenda kujua. Hakuwa mkaidi, angekuwa mkaidi wangelijua la kumfanya. Alipolisikia jambo ambalo wenzake wamekwisha kulikubali, alitaka tu kuona limeshonwaje kwa ndani. Lakini mwandiko ni mwandiko, na Baraza likampa kazi ya kunakili barua na kumbukumbu zake. Hivyo, kwa uamuzi wa wazee wenyewe, mtu mwenye maswali mengi kuliko wote aliwekwa karibu na makaratasi yote.

Wiki hiyo walikuwa wamempa kazi nyingine tena: kutengeneza karatasi mpya za kura.

Gnadenholm, mji wa Ndugu wa Moraviani katika nchi ya Schleswig, haukuwa mji wa watu kuamua mambo makubwa kwa akili zao. Nani aoe nani, nani atumwe ng'ambo kuhubiri, nani apokewe katika ushirika: haya aliulizwa Mwokozi, baada ya maombi, naye alijibu kwa mojawapo ya karatasi tatu zilizosokotwa na kutiwa ndani ya kisanduku cha mti. Moja iliandikwa Ndiyo. Moja iliandikwa Hapana. Ya tatu haikuandikwa kitu, na maana yake ilikuwa kwamba wakati haujafika. Aliyetia mkono kisandukuni, kwa miaka kumi na mmoja sasa, alikuwa Ndugu Lohse, mjalidi wa vitabu, mzee aliyefumba macho kwa dhati kiasi kwamba hakuna aliyewahi kumshuku. Na kwa kweli hakustahili kushukiwa.

Alhamisi iliyokuwa ikija, Mwokozi angeulizwa kuhusu Benigna mwenyewe.

Traugott Jessen, mjenzi wa majiko ya vigae, alikuwa ameitwa kwenda Grinilandi, kwenye kituo ambacho hakipokei mwanamume asiye na mke. Wazee walimwuliza kama ana jina moyoni mwake. Inasemekana alilitaja kabla swali halijaisha. Meli ingeng'oa nanga Kopenhageni katikati ya Aprili. Ikitoka Ndiyo, wangeondoka wawili. Ikitoka Hapana, Baraza lingempendekezea jina jingine, na jingine baada ya hilo, mpaka Mwokozi apate la kumpendeza. Naye Benigna angesimama dirishani amtazame Traugott akivuka uwanja pamoja na kofia yenye utepe wa buluu, ambao huvaliwa na wake za watu.

Katika miaka miwili walikuwa wamezungumza mara nne, zote mbele ya watu, na mara mbili kati ya hizo kuhusu kuni. Lakini kila jioni ukumbini, akina ndugu upande wao na akina dada upande wao, Traugott alikaa benchi la tatu, na wimbo ulipofika ubeti wa pili aliinua macho. Kamwe si ubeti wa kwanza. Ubeti wa kwanza aliuimba kwa Mungu. Benigna alikuwa ameanza kuzichoka beti za kwanza za nyimbo zote.

Jumatatu, jiko la chumba cha uandishi likaanza kufuka moshi. Jumanne saa nne asubuhi, Traugott aliletwa mlangoni na ndoo ya udongo, burashi ya dohani na idhini iliyotiwa sahihi mbili. Kanuni ilitaka mwanamume akiingia Nyumba ya Akina Dada kwa kazi, awepo mwanamke mtu mzima wa kukaa naye. Wa siku hiyo alijitolea mwenyewe, akavuka uwanja kutoka Nyumba ya Wajane na mfuko wake wa kufumia: Frauke Asmussen, mama yake Benigna.

"Nimekuja kulilinda jiko," Frauke alisema, akiweka kiti chake katikati, kati ya jiko na meza ya binti yake. "Nyinyi endeleeni kama vile sipo. Ila nipo."

"Amani iwe kwako, Dada Frauke," Traugott alisema, akivua kofia.

"Dada yako yuko kwenu. Mimi niite mama, maana nasikia ndiko unakotaka kuingilia."

"Ndiyo, mama."

"Na ukishaingia, unataka kutokea Grinilandi."

"Nimeitwa, mama."

"Mume wangu naye aliitwa, enzi zile ambapo wake walibaki nyumbani. Alikuwa msikivu sana yule bwana."

Traugott alipiga magoti mbele ya jiko, akabandua kigae cha chini, akaingiza mkono mpaka begani. Benigna aliinama juu ya karatasi yake akaandika neno moja, akaliandika tena, akagundua kuwa ni neno lile lile. Hakuwahi kumwona Traugott kwa karibu hivi. Alikuwa na alama ya kuungua juu ya kifundo cha mkono wa kushoto, nyekundu, ya umbo la jani, na Benigna alitamani kujua aliipata lini, na nani aliifunga, na kama ilikuwa bado inauma.

"Jiko hili lina miaka tisa," Frauke alisema huku sindano zake zikienda. "Halijawahi hata kukohoa. Limeanza jana. Ajabu kwelikweli. Eti, Benigna?"

"Majiko huzeeka, mama."

"Huzeeka Jumatatu?"

Kitu kilichomoka ndani ya jiko, na masizi yakamwagika sakafuni. Traugott alitoa mkono. Alikuwa ameshika soksi ndefu ya sufu ya kijivu, iliyoungua upande mmoja. Aliitandaza juu ya kigae kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayeweka kitu cha ibada, kisha akaitazama. Wote watatu wakaitazama.

"Kisigino hicho nimekifuma mimi," Frauke alisema. "Na mwenzake yuko wapi?"

"Sandukuni," Benigna alijibu.

"Mtunze. Huenda naye ana wito."

Benigna alihisi uso wote umewaka chini ya kofia. Alitegemea Traugott acheke, au akasirike, na alikuwa amejiandaa kwa yote mawili. Hakujiandaa kwa alichokiona: kijana wa watu alikuwa amekunja kipaji, akihesabu kwa vidole vyenye masizi.

"Uliitia lini?" aliuliza.

"Jumatatu. Kabla ya sala ya asubuhi."

"Mimi niliomba Jumapili jioni."

"Uliomba nini?"

"Nikuone kabla ya Alhamisi. Mahali penye mwanga, kwa sababu ya halali." Aliinua macho, na haukuwapo wimbo wowote wa kuyaficha. "Nimejibiwa, Benigna."

"Umejibiwa na soksi yangu."

"Mwokozi amekwisha kusema hata kwa kinywa cha punda."

"Ahsante sana, Ndugu Traugott."

"Sikumaanisha..."

"Alimaanisha," Frauke alikatiza. "Wanaume wa maombi hawana neno la bure. Haya, ngoja nami niulize, maana naona leo ni siku ya majibu." Alizishusha sindano mapajani. "Meli ya Grinilandi huja mara moja kwa mwaka, unalijua hilo?"

"Ninalijua, mama."

"Basi meli ikaja na barua: mume wangu anaumwa, kiseyeye kimemshika. Nikaingia magotini. Asubuhi, adhuhuri, jioni: Bwana, mponye. Huyu hapa alikuwa na miaka kumi na mitatu, alikuwa akinishika mkono kuniinua. Miezi kumi na moja, baba. Meli iliyofuata ikaleta barua ya pili na viatu vyake. Alikuwa amekwisha kuzikwa kabla ile barua ya kwanza haijanifikia. Miezi kumi na moja nilimwombea afya mtu aliye kaburini. Sasa wewe unayejibiwa kwa soksi, hebu niambie. Yale maombi yangu yalikwenda wapi?"

Benigna alimtazama Traugott kwa hofu ambayo hakuitegemea. Aliogopa atasema jambo zuri.

"Sijui, mama," Traugott alisema.

"Hujui?"

"Sijui. Ningejua ningekwambia."

Frauke alimkagua muda mrefu, kuanzia buti mpaka nywele. "Nimewauliza wachungaji wanne," alisema hatimaye, akiziokota sindano. "Wote walijua."

Akaendelea kufuma, na kwa mara ya kwanza tangu aingie alisogeza kiti, si sana, upana wa kiganja labda, kutoka katikati.

Benigna alilipima pengo lile kwa jicho. Labda pengo ndilo lililompa ujasiri, au ile "sijui," ambayo ilimwingia kuliko shairi lolote ambalo angeweza kuandikiwa. Alivuta mtoto wa meza akatoa kikaratasi kilichofungia vingine vitatu.

"Kama soksi ni jibu," alisema, "basi kuna kitu nataka mkione."

"Benigna," mama yake alionya.

"Hizi ni karatasi za zamani za kura. Nimeambiwa nizichome nikishatengeneza mpya. Nimezitazama kwanza."

"Bila shaka umezitazama."

Alizipanga mezani, tatu, kila moja ndogo kuliko kidole gumba. "Hii ndiyo Hapana. Imelegea kama kitambaa cha mtoto, imeshikwa mpaka pembe zimeliwa. Hii ni Ndiyo. Bado ngumu, miaka kumi na mmoja. Nikajiuliza, kwa nini Mwokozi apende Hapana kiasi hiki? Nikazishika macho nimefumba. Hapana imeandikwa kwenye karatasi nzito, karatasi nzuri ya matambara, ile ya kujalidia. Nyingine mbili ni karatasi za kawaida. Na anayetia mkono ni nani?"

"Ndugu Lohse," Traugott alisema polepole.

"Mjalidi wa vitabu. Vidole vyake vimechagua karatasi nzuri miaka arobaini. Hadanganyi. Anafumba macho, anaomba, halafu vidole vinafanya kazi yao."

"Au Mwokozi alikusudia Hapana mara zote hizo."

"Au hivyo. Ndilo ninalotaka kujua! Huwezi kujua kwa kutazama, lazima ujaribu." Aligusa kisanduku kipya cha kura kilichokuwa pembeni mwa meza. "Kwa hiyo nimejaribu. Mpya nimekwisha kuzitengeneza. Safari hii nimeandika Ndiyo kwenye karatasi nzito."

Traugott alisimama. Udongo ulidondoka kutoka mikononi mwake ukatua sakafuni, naye hakuuona.

"Umefanya nini?"

"Umenisikia."

"Zitoe, Benigna."

"Kwa nini? Soksi ulifurahi."

"Soksi si kitu kimoja na hili."

"Si kitu kimoja vipi? Uliomba unione, nikaitia soksi, ukasema amekujibu Yeye. Sasa umeomba... umeomba tuoane, au hukuomba?"

"Nimeomba. Kila siku. Kwa jina lako lote, ili pasiwe na kosa."

"Basi nimetia karatasi. Kwa nini asijibu kwa karatasi yangu kama alivyojibu kwa soksi yangu?"

Benigna aliona wazi kuwa amemshika Traugott. Ushindi huo haukumpa raha yoyote. Frauke aliacha kufuma kabisa.

"Kwa sababu soksi haikuniambia kuwa ni Yeye," Traugott alisema hatimaye, taratibu, kama mtu anayepanga vigae na kuhakikisha kila kimoja kimekaa. "Hilo nililisema mimi, na kama nimekosea, kosa ni langu. Lakini ile karatasi itasema. Ndugu Lohse ataifungua mbele ya watu kumi na wawili, atasema: Mwokozi amesema ndiyo. Nayo itakuwa sauti yako. Umesema badala Yake na kutia sahihi Yake."

"Na ikitoka Hapana?"

"Itakuwa Hapana."

"Nawe watakupa jina jingine."

"Watanipa."

"Utalipokea?"

Traugott aliinamisha macho kwenye zile karatasi.

"Nimekuuliza, Traugott. Dada Ulrike ana afya njema na anajua kupika supu ya bia. Utampokea?"

"Sijaomba kuhusu Ulrike!" Ilikuwa mara ya kwanza kupaza sauti, na vigae viliirudisha. "Unadhani mimi sitaki? Unadhani nilipoambiwa kuna karatasi nzito moyo wangu haukurukaruka? Umeruka. Bado unaruka. Lakini nisikilize. Tukienda kule, giza miezi miwili, jiko moja, chumba kimoja, tutagombana. Watu hugombana. Siku hiyo nataka niweze kujiambia: huyu nilipewa. Sitaki kujiambia: huyu alinichukua."

"Mimi siku hiyo," Benigna alisema, "ningejiambia: huyu nilimtaka. Ingenitosha."

Walikuwa wamesogeleana bila kujua. Kati yao ilibaki meza, na juu yake zile karatasi. Traugott aliinua mkono kama anayetaka kumgusa shavu, akaona udongo, akausimamisha hewani. Tone moja lilianguka juu ya utepe wa waridi wa Benigna, likatanda. Wala hakuna aliyelifuta.

"Mimi niliambiwa jina la baba yako saa nne asubuhi," Frauke alisema nyuma yao, "na saa kumi jioni nikaiona pua yake kwa mara ya kwanza. Nililia usiku kucha kwa sababu ya ile pua. Baada ya mwaka nilikuwa nalia akichelewa kurudi kula." Alivuta uzi. "Kama ilikuwa karatasi nzito au nyepesi, sikuuliza. Sasa umenifanya nitake kujua, na wa kumwuliza hayupo. Hilo ndilo ulilonifanyia leo, binti yangu."

Benigna alimgeukia. "Kwa hiyo nawe wataka nizitoe? Wewe usiyetaka niende?"

"Mimi sitaki uende. Ukitia Hapana nzito nitakushonea gauni jipya." Frauke alimtazama Traugott, kisha binti yake, kisha akarudi kwenye soksi aliyokuwa akifuma. "Lakini usiende kwa ujanja. Wa ujanja hana wa kumlilia mambo yakiharibika. Mimi angalau nilikuwa na wa kumlaumu."

Benigna alifikiri juu ya vidole vya Ndugu Lohse, na juu ya miezi kumi na moja, na alama ya jani juu ya mkono ule. Hakupata jibu. Alipata tu kwamba Traugott alikuwa akimtazama bila kumsukuma, akingoja, kama alivyongoja kila jioni ubeti wa pili.

Alifungua kisanduku kipya, akatoa karatasi zote tatu, akashika ile ya Ndiyo.

Traugott aliinama upesi kwenye jiko, akaiziba nafasi ya kigae kwa udongo, akakirudisha mahali pake. Alichukua muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Kisha akasema, bila kugeuka, "Nipe kipande cha karatasi. Huwa tunawasha kimoja, kujua kama dohani inavuta."

Benigna alimpa. Vidole vyao viligusana kwa kiasi cha upana wa karatasi ya kura, ambao si mkubwa, na Frauke wakati huo alikuwa ameangusha mpira wa uzi, akaushughulikia kwa muda mzuri. Traugott aliisoma karatasi ile. Alilisoma neno lile moja kwa muda mrefu kama sura nzima. Kisha akaigusisha kwenye mshumaa wa kuyeyushia lakiri uliokuwa mezani, akaitia mlangoni mwa jiko. Ndiyo iliwaka, ikainuka, ikamezwa juu na dohani bila kuacha hata uzi wa moshi chumbani.

"Linavuta," alisema.

"Linavuta vizuri?"

"Vizuri sana," Traugott alisema.

Mbele yao, Benigna alikata karatasi tatu kutoka ukurasa mmoja, kwa rula, zote kwa mkato mmoja. Aliandika, akakausha wino kwa mchanga, akazisokota. Frauke alizichukua kiganjani, akafumba macho, akazipapasa moja moja.

"Hazina tofauti," alisema. Aliishika moja kwa ncha ya vidole, akaituliza hapo, na uso wake ukawa wa mtu anayesikiliza mlango. Kisha Frauke akaitia kisandukuni pamoja na wenzake bila kuifungua.

"Mama! Ulikuwa unauliza nini?"

"Sikuuliza kitu," Frauke alisema. "Nilitaka tu kujua vidole vinajisikiaje."

Traugott alikusanya ndoo na burashi. Soksi aliikunja, akasita, akaitia ndani ya koti lake, upande wa kushoto. Mlangoni aligeuka. "Nitaomba mpaka Alhamisi," alisema.

"Utaomba nini?"

"Lile lile. Yeye anajua nataka nini, siwezi kujifanya sitaki." Alivaa kofia. "Ila nataka aliseme Yeye."

"Mimi nakutaka wewe," Benigna alisema. "Mwambie na hilo, kama mnaongea."

Alhamisi Baraza lilikaa tangu saa tatu asubuhi. Benigna aliketi chumba cha uandishi, karibu na jiko ambalo halikufuka, na aligundua, kwa mshangao usiokuwa na furaha wala huzuni, kwamba alikuwa akiomba. Hakuomba kwa maneno mazuri. Aliomba kama anavyouliza mtu mlangoni, Je, kuna mtu?, akakaa akisikiliza kama kuna hatua za miguu ndani. Hakusikia. Lakini aliona kwamba aliendelea kusikiliza, na hilo lilimshangaza zaidi. Nje ya dirisha, ng'ambo ya uwanja, mbele ya Nyumba ya Ndugu Waseja, Traugott alikuwa amesimama kichwa wazi katika baridi, akitazama mlango wa Baraza. Mara moja tu alitazama dirisha lake. Alipotazama, aliweka mkono upande wa kushoto wa koti.

Saa saba mchana Dada Wilhelmine aliingia na karatasi. Nyuma yake aliingia Frauke, bila mfuko wa kufumia; akasimama kando ya binti yake, akamshika mkono, kama ilivyokuwa zamani, ila safari hii haikujulikana nani anamwinua nani.

"Simama, Benigna," Dada Wilhelmine alisema. "Nakala kama hii anasomewa Ndugu Traugott Jessen wakati huu huu."

Benigna alisimama. Tone la udongo lilikuwa limekauka juu ya utepe wake. Dada Wilhelmine aliliona, akaamua kutoliona, akakohoa, akasoma:

"Maamuzi ya Baraza la Wazee la Gnadenholm. Kwanza. Kuhusu upana wa utepe: vidole viwili vilivyotajwa ni vidole vya Dada Mlezi, ambavyo vitapimwa, na kipimo kitatundikwa mlangoni.

"Pili. Baraza linashukuru kwa karatasi mpya za kura, ambazo Ndugu Lohse ameshuhudia kwamba haziwezi kabisa kutofautishwa.

"Tatu. Kuhusu Ndugu Traugott Jessen na Dada Benigna Asmussen: kwa uzito wa jambo lenyewe, Baraza liliona vema, kabla ya kumwuliza Mwokozi juu ya ndoa hiyo, kumwuliza kwanza kama anapenda aulizwe. Kura ikapigwa. Ikatoka karatasi isiyoandikwa kitu. Kwa hiyo Baraza halikuruhusiwa kuuliza wala halikukatazwa, na halikuuliza. Kwa kuwa kituo cha Grinilandi hakipokei ndugu asiye na mke, na kwa kuwa ndugu huyu hajapewa mke wala hajanyimwa, ataendelea kuwa tayari kusafiri. Dada Benigna ataendelea kuwa tayari kuulizwa juu yake. Wote wawili wanahimizwa kudumu katika maombi, wakiamini kwa hakika kwamba yatajibiwa. Mpaka hapo wasionane wala kuandikiana, isipokuwa pale jiko litakapolazimu. Imeamuliwa."